Upande wa Kulwa

Ukuta wa zamani ukibomolewa hutoa harufu ambayo ukuta mpya hauna. Ni harufu ya chokaa iliyokaa gizani miaka mingi, ya vumbi la mchwa, ya kinyesi cha popo, ya mbao zilizonywa mvua zikakauka, zikanywa tena. Mwezi uliopita nilikuwa napita kwenye mtaa mmoja wa mji ninaoishi sasa, mji usio na ziwa, nikaipata harufu hiyo kabla sijaona chochote. Nikasimama. Mafundi walikuwa juu ya ukuta na mitalimbo yao, wamefunga vitambaa puani, na chini mtu mmoja alikuwa akimwagia kifusi maji ili vumbi litulie. Rafiki niliyekuwa naye aliniuliza kama nimesahau kitu. Nilimjibu hapana. Lakini mikono yangu yote miwili ilikuwa imeinuka mbele ya kifua, viganja vikitazama mbele, kama mtu anayetaka kusukuma dirisha.

Tulikaa juu, chumba cha pili kutoka kwenye ngazi, katika nyumba ya gorofa moja katikati ya mji wa Mwanza, mwendo mfupi kutoka sokoni. Chini yalikuwapo maduka yenye milango mirefu ya mbao, na mbele ya maduka baraza pana ambapo mafundi cherehani walipanga mashine zao, mama yangu akiwa mmoja wao. Juu ilikuwapo roshani yenye nguzo za mbao zilizochongwa kama shingo za chupa. Na juu kabisa, kwenye paji la nyumba, walikaa tausi wawili wa lipu wakitazamana, na katikati yao jina la aliyeijenga na mwaka wake, kwa herufi ambazo mvua ilikuwa imekwisha kuzila nusu.

Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Nyumba moja ilikuwa na maua ya lipu, nyingine nyota, nyingine madirisha yenye vipande vya kioo chekundu na kijani ambavyo asubuhi viliwapaka rangi watu waliokuwa wakinunua maandazi. Nyuma yake vilisimama vilima vya mawe, mawe yamepandana bila mtu kuyapandisha, na mbele ziwa. Nilipokuwa mdogo niliamini nyumba zile nazo zilikuwa mawe yaliyoteremka kutoka vilimani kwenda kunywa maji, yakachoka njiani, yakakaa.

Chumba chetu kilikuwa na dirisha moja, refu kuliko baba, lenye milango miwili ya vipande vya mbao vilivyolazwa kwa kuachana kidogo. Ikifungwa mchana, mwanga uliingia kwa mistari, ukalala sakafuni kama daftari lililofunguliwa. Mlango wa kulia ulikuwa wa Kulwa. Wa kushoto ulikuwa wangu. Mama ndiye aliyetugawia, maana mapacha hawapewi kitu kimoja wagombanie. Kwetu hata kipande cha muhogo kilivunjwa katikati mbele ya macho yetu wote wawili. Kila asubuhi tulisimama kila mmoja mahali pake, tukaweka viganja kwenye mbao, tukahesabu: moja, mbili. Kwenye mbili tunasukuma pamoja. Mmoja akitangulia, tunafunga, tunaanza upya. Mama, ambaye alikwishaanza kazi chini barazani, alitoka hadi barabarani akainua kichwa kutazama.

"Wameamka wenye mji," alisema.

Kulwa alitangulia kuzaliwa, na hakuacha nisahau.

"Shikamoo iko wapi?" aliniuliza kila asubuhi.

"Ulikuwa na haraka ya nini?"

Baba alinijibu kwa niaba yake. "Alitangulia kuangalia chumba. Kama pana nafasi ya watu wawili."

Hiyo ndiyo miaka ambayo vitu vilikuwa vinarudi. Ninyi mliokua wakati ule mtakumbuka. Kabla yake, wakubwa walizungumza habari za sabuni kama wanavyozungumza habari za ndugu aliye safarini: imeonekana wapi, nani kaiona, itafika lini. Halafu ruhusa ya kuleta bidhaa kutoka nje ikatoka, na vitu vikaanza kurudi kimoja kimoja. Sukari ikarudi. Dawa ya meno ikarudi. Betri za redio zikarudi, na mitumba ikaja kwa marobota, ikamwagwa chini kama mavuno. Mama alitoka dukani siku moja ameshika kipakiti kidogo, akitikisa kichwa.

"Hata sindano za cherehani," alisema. "Nilikwisha kukata tamaa nazo. Kila kitu kinarudi."

Neno hilo nililiweka moyoni bila kujua kwamba ningelihitaji.

Kulwa aliugua masika. Jioni alikuwa anacheza, usiku mwili ukawaka, na asubuhi baba alimbeba mgongoni kwenda hospitali, mvua ikinyesha, mama nyuma yao na mwavuli ambao haukumfunika yeyote. Kutoka dirishani niliona mguu mmoja wa Kulwa ukining'inia pembeni mwa baba, hauna kiatu. Nilipiga kelele kwamba wamesahau kiatu. Hakuna aliyegeuka.

Siku ya tatu bibi, mama yake baba, alifika kutoka upande wa Bujora. Baba na wajomba waliondoka na gari la kuazima, wakarudi alasiri na udongo mweusi kwenye viatu. Wanawake wa jengo lile walipanda ngazi, wakakaa na mama, wakazungumza habari za mboga na bei ya mkaa. Hakuna mkeka uliotandikwa. Hakuna aliyelia. Bibi alimwambia mama afagie chumba, naye akafagia. Akamwambia asonge ugali, akasonga. Nilimuuliza bibi Kulwa yuko wapi.

"Kulwa amekwenda kuchukua chumvi," alisema.

"Atarudi lini?"

"Chumvi ni mbali, mayu," akanijibu, akiniita mama kwa Kisukuma.

Kifo nilikuwa nakijua. Mwaka mmoja kabla, mume wa fundi mmoja jirani yetu pale barazani alifariki, na nililiona lote: mikeka hadi barabarani, chai ya rangi kwenye sufuria kubwa, wanawake wakilia kwa zamu, fundi mwenyewe akishikwa mikono asijitupe chini. Kifo kilikuwa na kelele. Kwetu palikuwa kimya hadi nikasikia mchwa ndani ya dari. Basi Kulwa hakufa. Hiyo ilikuwa hesabu yangu, na kwa mtoto wa darasa la kwanza haikuwa na kosa. Nilimkasirikia tu kwa kwenda bila mimi.

Kitu kimoja ndicho sikukipenda. Siku ileile mama aliufunga mlango wa kulia wa dirisha, akakaza komeo. Tangu hapo nilifungua wa kwangu peke yake, na nusu ya chumba ikabaki na mistari. Muhogo uliendelea kuvunjwa katikati, lakini vipande vyote viwili nilipewa mimi. Watu waliendelea kumwita mama yangu Mama Kulwa. Aliitika kila mara, na kila mara aliitika akiwa tayari anatazama kitu kingine.

Nilikuja kuelezwa nikiwa mkubwa, siku moja mama na mimi tukichambua dagaa. Kwa watu wetu pacha haliliwi. Akililiwa, husikia, na akisikia humwita mwenzake. Baba, aliyekuwa mtu wa kanisa, alisali misa na hakubishana na bibi. Mama hakuwa na hakika kama aliamini. "Lakini nilikuwa nimebakiwa na mmoja," aliniambia, akiendelea kutoa vichwa vya dagaa. "Unajaribu vipi kitu kama hicho?" Kwa hiyo alikuwa ananyamaza kwa ajili yangu. Miezi yote ile alishona akiwa amebana midomo kwenye pini, na mimi nilidhani ni kwa sababu ya pini.

Chini yetu palikuwa na duka la uzi, vifungo na vitu vidogo vya jikoni. Mwenyewe alikuwa mzee wa Kihindi tuliyemwita Babu Lalji. Jina lililokuwa kati ya tausi lilikuwa la baba yake. Serikali iliichukua nyumba ile sisi hatujazaliwa, naye akabaki ndani yake kama mpangaji, duka mbele, chumba kimoja nyuma. Kisukuma alikisema kuliko baba yangu. Bibi, ambaye baada ya Kulwa kuondoka alibaki kukaa nasi, alimdharau kwa wiki mbili, kisha akawa anashuka kila asubuhi kukaa kwenye kiti cha duka lake.

"Mwangaluka, mayu," Babu Lalji alimwamkia.

"Mwangaluka. Wewe bado uko hapa? Wenzako wamekwenda Ulaya."

"Ulaya baridi. Nitakula nini huko, barafu?"

"Na walipokuja kukunyang'anya nyumba, ulifanya nini?"

"Nilifunga duka, nikakaa ndani, nikalia. Siku mbili."

Bibi alicheka mpaka akashika nguzo. Alikuwa hawezi kuitamka "r" ya gorofa, akasema, "Mwanamume na ndevu zake analilia golofa."

"Golofa inaliliwa, mayu," Babu Lalji akasema, akimwiga bila kumdhihaki. "Baba yangu sikumlilia hivyo. Baba alikufa mzee."

Bibi aliacha kucheka. Akaomba maji.

Mimi ndiye niliyetumwa chumvi. Ilikuwa dukani kwake tele, kwenye pakiti za nailoni zilizopangwa kama matofali, na siku moja jambo hilo lilinichanganya. Kama chumvi iko chini ya ngazi, Kulwa ameifuata wapi?

"Babu, shikamoo. Hii chumvi inatoka wapi?"

"Marahaba. Hii inatoka Uvinza. Inakuja na treni."

"Na ya zamani?"

"Zamani, kabla baba yangu hajafika, Wasukuma walikwenda wenyewe. Kwa miguu, mpaka ziwa Eyasi, kule nyikani. Safari kubwa hiyo. Simba, kiu, kila kitu."

"Walirudi?"

"Wengi walirudi. Wengine walikawia mpaka msimu ukapita." Alinitazama. "Nani amekwambia habari za chumvi?"

"Bibi. Kulwa amekwenda kuchukua chumvi."

Alikuwa ameshika pakiti, hakuniwekea mkononi.

"Akirudi ataijua nyumba?" nikamuuliza.

Akatoka nyuma ya meza, akanishika bega, tukatoka hadi katikati ya barabara. Akaelekeza kidole juu. "Unawaona hao? Fundi alitoka mbali kuja kuwafinyanga. Mtu akitokea kule mlimani, kabla hajaona ziwa, kabla hajaona soko, anaona tausi wa baba yangu. Hii nyumba haipotezi mtu." Kisha akarudi ndani, akafungua kopo la vifungo, akanipa kimoja cha bluu. Akafikiri, akanipa na kingine cha rangi ileile. "Hicho pia chukua," alisema.

Nikapanda ngazi nimetulia kabisa. Sukari ilirudi, betri zilirudi, sindano zilirudi, na Kulwa angerudi. Angetokea mlimani na mzigo wake wa chumvi, angewaona tausi. Kazi yangu ilikuwa kungoja tu. Kazi ya nyumba ilikuwa kusimama.

Wale watu walikuja kiangazi. Walikuwa watatu, mmoja amevaa tai, na walisimama ng'ambo ya barabara wakiitazama nyumba yetu kama watu wanavyomtazama ng'ombe mnadani. Walinyoosha utepe wa kupimia kutoka pembe hadi pembe. Mwenye tai alichokoa ukuta kwa kalamu, na kipande cha lipu kikubwa kama sahani kikaanguka miguuni mwa mama.

"Imeoza hii," alisema, na akaomba radhi kwa vumbi.

Jioni ya siku hiyo mafundi wa barazani walikuwa wanajua kila kitu. Kiwanja kimeuzwa kwa mfanyabiashara. Nyumba inashushwa. Itapanda nyingine, ndefu, ya vioo.

"Vioo kabisa," fundi mmoja alisema. "Unapita unajiona mwili mzima."

"Kwani mimi sijijui nilivyo?" mwingine akamjibu. "Tuelezeni hizi cherehani zitakaa wapi."

Kesho yake mwenye tai aliporudi, nilimfuata. "Shikamoo. Tausi mtawaweka wapi?"

"Tausi gani?"

Nilimwonyesha. Aliinua kichwa, na nikaona kwamba alikuwa hajawaona, pamoja na utepe wake wote. Akacheka, kwa upole. "Tutawapiga picha," alisema.

Tulipata chumba upande wa Ilemela, kwenye kilima, kimeegemezwa kwenye jiwe kubwa hivi kwamba ukuta wa nyuma ulikuwa jiwe lenyewe. Dirisha lake lilikuwa kipande cha bati. Baba, ambaye kiwanda cha nguo alichofanya kazi kilikuwa kimefungwa, alikisifia chumba kile kuliko kilivyostahili: hewa safi, ndege zinaonekana zikishuka uwanjani. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamuuliza Kulwa atatuonaje huko, maana hata sisi wenyewe tulipokwenda kukitazama tulipotea mara mbili kati ya mawe. Baba alikuwa anafunga sanduku kwa kamba. Aliiacha kamba, akatoka, akasimama kwenye roshani na mgongo wake kwetu.

"Tuwaombe wangoje," nikamwambia mama. "Msimu mmoja tu."

Mama alikuwa na pini mdomoni.

Siku ya kuhama mafundi wa kubomoa hawakutungoja. Tulikuwa bado tunashusha vyombo wakati walipoanza na bati, kwa sababu bati na mbao za paa ndivyo vilivyokuwa vya thamani. Misumari ilikuwa inalia ikitolewa. Kitanda chetu kilikuwa barabarani, mchana kweupe, kila mtu akiona kwamba mguu wake mmoja ni tofali. Bibi alikaa juu ya godoro lililokunjwa. Babu Lalji alikuwa amesimama mbele ya duka lake tupu na mfuko mmoja wa nguo mkononi. Mama alikuwa anafunga cherehani kwa shuka. Katika kuhesabu vyombo, hakuna aliyenihesabu mimi.

Nilipanda ngazi. Chumba hakikuwa na kitu, na kilikuwa kidogo kuliko nilivyokijua. Juu pembeni bati mbili zilikuwa zimeondolewa na dari imevunjwa, na jua, ambalo halikuwahi kuingia mle ila kwa mistari, lilimwagika lote sakafuni. Nilifikiri hivi: kama Kulwa yuko mlimani sasa hivi, kama amefika leo, basi ni lazima aone dirisha lililo wazi pande zote mbili, ajue ni sisi, akimbie, afike kabla hawajawagusa tausi.

Nilisimama katikati. Komeo la upande wake lilikuwa limeshika kutu. Nililigonga kwa kiatu hadi likaachia. Nikaweka kiganja cha kushoto kwenye mlango wangu, cha kulia kwenye wake. Moja, mbili. Wa kwangu ulifunguka. Wake haukusogea. Kwa mujibu wa sheria yetu, nikaufunga wa kwangu, nikaanza upya. Moja, mbili. Nikaufunga tena. Mara ya nne au ya tano nilikuwa nahesabu kwa sauti kubwa.

"We mtoto." Sauti ilitoka juu. Fundi alikuwa amepiga magoti kwenye boriti, uso mweupe kwa vumbi. "Shuka chini. Unafungua dirisha la nyumba isiyo na paa?"

"Bado kidogo, baba. Namfungulia ndugu yangu."

"Ndugu yako yuko wapi?"

"Amekwenda kuchukua chumvi. Ni pacha wangu."

Aliuweka mtalimbo kwenye boriti, polepole, kama kitu kinachoweza kumwamsha mtu. Akashuka kwa kushika ukuta, akaja hadi dirishani. Aliupapasa ule mlango kwa viganja, akatafuta mahali mbao zilipovimba kwa mvua ya masika, akapiga hapo kwa ngumi mara moja. Kisha akarudi nyuma hadi nisimwone.

"Sasa hesabu," alisema.

Moja, mbili.

Ilifunguka yote miwili. Niliusukuma wake kwa nguvu zangu zote hata ukagonga ukuta wa nje, na lipu ikamwagika barabarani. Na kwa kuwa tuliambiwa kila mtu na mahali pake, nilisogea haraka upande wangu wa kushoto, nikasimama, nikaacha nafasi ya mtu mmoja kulia kwangu. Nikatazama mlimani.

Chini, mama alisikia kishindo akainua kichwa.

Sikumwona alivyoanza. Nilikuwa natazama mawe. Nilisikia sauti, na mwanzoni nilidhani ni msumari unatolewa. Nilipotazama chini, mama alikuwa amekaa barabarani, miguu imenyooka mbele kama ya mtoto, amekumbatia cherehani iliyofungwa shuka, mdomo wazi. Sijasikia tena sauti kama ile. Wapita njia walisimama. Mwenye mkokoteni alisimama. Juu ya paa mitalimbo ikanyamaza mmoja baada ya mwingine.

"Mama Kulwa," fundi cherehani mwenzake alisema, akiinama kumshika. "Mama Kulwa, jamani. Nyumba yenyewe si yako."

"Hata Mhindi mwenye jina lake halii," mwingine akaongeza, na mtu mmoja akacheka.

Baba alipiga hatua mbili kuja kumziba mdomo. Kweli, mkono ulikuwa umeinuliwa. Kisha akasita, akamtazama bibi. Na mimi nilikuwa nateremka ngazi mbio, mkono kwenye ukuta, chokaa ikinijaa kwenye kucha, kwa sababu nilikuwa nimeelewa jambo moja tu: mama amekata tamaa, na mtu akikata tamaa kitu hakirudi.

Nilipofika nje, bibi alikuwa ameinuka kutoka kwenye godoro. Alininyakua, akanibana tumboni mwake kwa nguvu hadi nikakosa pumzi, mkono mmoja umenifunika kichwa kama mtu anayemkinga mtoto na mvua ya mawe. Alimtazama mama muda mrefu. Akawatazama watu.

"Mwacheni," alisema. "Golofa inaliliwa."

Hakuna aliyecheka. Babu Lalji aliweka mfuko wake chini. Alikuja akasimama karibu nasi, na wazee wale wawili wakawa wanatazama juu, kwenye tausi, kama watu waliofika msibani na kuonyeshwa jeneza.

"Ilikuwa bado ndogo," bibi akasema. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. "Golofa hii. Ilikuwa bado ndogo sana."

"Ndogo sana, mayu," Babu Lalji akajibu.

Nilishangaa. Hapakuwa na kitu kikongwe mtaani kuliko nyumba ile; tausi mmoja alikuwa hana mdomo. Niliinua uso kumweleza bibi. Lakini alikuwa ameinama hadi sikioni kwangu, na kanga yake ilikuwa na harufu ile, ya chokaa iliyotoka gizani.

"Lia na wewe," alininong'oneza. "Ila ukiulizwa na yeyote, wewe unalilia golofa."

Nikalia. Tulilia familia nzima katikati ya barabara, mchana, hata baba, hadi jua likahama upande wa pili, na mafundi hawakuanza tena mpaka tulipoinuka wenyewe.

Mwezi uliopita, kwenye mtaa ule wa mji usio na ziwa, rafiki yangu aliniuliza mara ya pili. Mara hii alikuwa ameniona uso. Nilimwonyesha ukuta, mafundi, kifusi kinachomwagiwa maji.

"Ni gorofa tu," nikamwambia.